Homa Ya Mtoto Mdogo: Khofu Za Wazazi Na Yaliyo Sahihi

 

Tumeulizwa na wazazi wa Mwitongo, Butiama, mahala alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999: mtoto akipandwa na homa usiku kisha akakakamaa, aanziwe kwa mganga au hospitali? Wameambiwa kuwa mwenye degedege akichomwa sindano hufa.

Tunasema, na tawfiyq ni kwa Allaah: aanziwe hospitali.

Homa si maradhi yenyewe, bali ni alama kuwa mwili unapambana na maradhi. Joto la kwapani likifika nyuzi 37.5, hiyo ni homa. Wengi wanakhofu kuwa joto litaunguza ubongo, lakini kwa kawaida khatari haimo katika joto, imo katika kilicholeta joto: malaria, nimonia, au homa ya uti wa mgongo. Mkoa wa Mara ni wa kanda ya Ziwa, na malaria huko ni nyingi. Basi mtoto apimwe damu siku ile ile, asipewe dawa kwa kukisia.

Ama degedege, huku kwetu pwani watu walilihusisha na ndege wa usiku au shetani. Ukweli ni kuwa homa inaweza kumkakamaza mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na mara nyingi hali hiyo hutulia kabla ya dakika 5. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, kisha mpeleke hospitali hata akizindukana, kwani huenda ni malaria iliyopanda kichwani.

Na hili la sindano lina sababu yake. Mtoto huzungushwa kwa waganga siku mbili tatu, akafikishwa hospitali akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafariki. Watu wakailaumu sindano, wakasahau zile siku zilizopotea.

Wengine husema ni meno tu. Kuota meno hakuleti homa kali. Na kumng'oa mtoto fizi kwa madai ya "meno ya plastiki" ni kumdhuru, na Dini yetu imekataza kudhuru.

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametufundisha kuipoza homa kwa maji, kama ilivyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim. Ibnul-Qayyim (Rahimahu Allaah) ameeleza kuwa maneno hayo yaliwaelekea watu wa Hijaaz, ambao homa zao nyingi zilitokana na ukali wa jua. Basi mtoto asitumbukizwe katika maji ya baridi mpaka akatetemeka. Apunguzwe nguo, apanguswe kwa maji ya uvuguvugu, anyonyeshwe sana, na apewe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Asipewe aspirini.

Usingoje asubuhi ukiona mojawapo ya haya: hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amekakamaa, amelegea au haamki, anapumua mbio, au shingo imekaza. Na mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa hapaswi kusubiri hata kidogo.

Kumsomea Al-Faatihah na Al-Mu'awwidhaat ni Sunnah, nako hakuzuii dawa. Msomee njiani ukimpeleka. Ama hirizi, haifai kuitundika wala kuitegemea. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametuamrisha tujitibu, na akatujulisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Mtoto hawezi kujipeleka mwenyewe. Mzazi ndiye miguu yake.

Tunamuomba Allaah ('Azza wa Jalla) Awaponyeshe watoto wetu.

Na Allaah Anajua zaidi.