Kuacha Tumbaku kwa Mwenye Kisukari: Mambo ya Kutarajia

Chukua mfano wa mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Meru, mwenye kisukari cha aina ya pili, aliyevuta sigara kwa miaka thelathini. Kliniki wamemshauri aache, naye ameacha. Baada ya miezi michache anapima na kukuta sukari imepanda kidogo, na suruali zinambana. Jirani anamwambia, "Mzee, sigara ndiyo iliyokuwa ikikushikia sukari." Jioni hiyo anapita dukani na kununua sigara moja.

Jirani amekosea. Nikotini huufanya mwili usiitikie insulini ipasavyo, nayo hubana mishipa ya damu. Mwenye kisukari tayari ana mishipa inayodhurika kwa sukari. Moshi huongeza madhara hayo katika moyo, figo, macho na hasa miguu. Kidonda kidogo cha unyayo, alichokipata shambani akiwa na kandambili, hukosa damu ya kutosha na huweza kuishia katika kukatwa mguu.

Kwa nini basi sukari ilipanda? Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015, uliopitia kumbukumbu za wavutaji zaidi ya 10,000 wenye kisukari cha aina ya pili, ulionyesha kuwa kwa walioacha, kipimo cha HbA1c kilipanda kwa wastani wa asilimia 0.2 hivi katika mwaka wa kwanza, kisha kikashuka taratibu. Ilipofika miaka mitatu hapakuwa tena na tofauti kati yao na walioendelea kuvuta. Uzito nao huongezeka, kwa kawaida kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa hamu ya kula hurudi. Sahani ya ndizi au makande ipunguzwe kidogo, mboga za majani ziongezwe. Wakati huohuo faida imekwisha kuanza: kaboni monoksidi hupungua katika damu ndani ya siku chache, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo huwa takriban nusu ya ile ya mvutaji.

Anayechoma insulini anahitaji tahadhari ya aina nyingine. Akiacha sigara, dawa huweza kufanya kazi kwa nguvu zaidi na sukari ikashuka kupita kiasi. Tatizo ni kwamba njaa, hasira na kukosa utulivu ni dalili za kukosa nikotini na pia za sukari kushuka. Ukitokwa jasho katika baridi ya Julai kule Ngaramtoni, usilipuuze. Pima kwanza, sukari ikiwa imeshuka, kunywa chai au maji yenye sukari mara moja, kisha umwarifu daktari. Usipunguze dozi kwa uamuzi wako mwenyewe.

Ugoro na tumbaku ya kutafuna, ambavyo baadhi ya wazee huviona kuwa vya heshima na visivyo na madhara, vina nikotini ileile. Shisha pia si mbadala.

Kwa upande wa manunuzi, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi ya vijiti vya kupimia sukari, na uvihifadhi katika kopo lake lililofungwa. Unyevu huviharibu vikatoa majibu ya uongo. Mtu akikuuzia mnadani au stendi unga wa "kuponya kisukari na kukata sigara kwa wiki moja", muulize namba ya usajili wa dawa hiyo. Akikosa jibu, usinunue, na utoe taarifa kwa Mamlaka.

Mwisho, siku utakayoacha, mwombe muuguzi aiandike tarehe hiyo katika kadi yako ya kliniki. Daktari atakayeisoma miezi sita baadaye ataelewa kwa nini namba zimebadilika.