MSUMBIJI: DENI LILILOFICHWA, JASHO LA NANI?



Ng'ambo ya mto Ruvuma wenzetu wa Msumbiji wanalipa deni ambalo hawakulikopa wala hawakuliona. Tunalieleza hapa kwa sababu huko matawini tunaulizwa kila mara: fedha ya umma huibiwaje, na Bunge lipo, na wizara ipo, na wakaguzi wapo?

Iliibiwa hivi. Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya serikali, Proindicus, Ematum na MAM, yalikopa dola bilioni 2 kutoka benki za Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Ilisemwa ni za kulinda pwani na kuvua jodari. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alitia sahihi dhamana kwa jina la taifa zima bila idhini ya Bunge. Na fedha nyingi hazikukanyaga Msumbiji hata siku moja. Zilitoka benki zikaenda moja kwa moja kwa muuzaji wa vyombo, kampuni ya Privinvest. Mkaguzi wa Maputo angekagua nini?

Tazameni Ematum. Ilikopa dola milioni 850. Vyombo 30 viliagizwa Cherbourg, Ufaransa, kwa yuro kama milioni 200. Aliyefika darasa la nne anaweza kuitoa hesabu hiyo. Mashua zenyewe zilikaa zimefungwa bandarini Maputo, zikiota kutu. Ukaguzi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta dola milioni 500 hazina maelezo.

Aprili 2016 mikopo ya siri ya zaidi ya dola bilioni 1 ilifichuka. Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wakasimamisha misaada ya bajeti. Metikali ikaporomoka, bei zikapanda, mshahara ukabaki ulipo. Na ile pwani iliyokopewa ulinzi? Oktoba 2017 wenye silaha walivamia Mocímboa da Praia, si mbali na Mtwara yetu.

Wakubwa wameguswa, tusiseme uongo. Desemba 2022 mahakama ya Maputo iliwatia hatiani washtakiwa 11 kati ya 19, akiwemo mtoto wa Rais mstaafu Guebuza. Chang alikamatwa Johannesburg mwaka 2018, na Januari 2025 akahukumiwa New York kifungo cha miaka minane na nusu. Credit Suisse ilitozwa faini mwaka 2021 na kusamehe dola milioni 200. Miaka miwili baadaye ikamezwa na benki nyingine.

Lakini hati za mkopo wa jodari zilibadilishwa mwaka 2019 zikawa dola milioni 900, za kulipwa hadi mwaka 2031. Kijana aliyeanza kibarua bandarini Maputo mwaka ule zilipofungwa mashua atakuwa amezilipia kodi zaidi ya miaka 15, na samaki wake hajamwona.