Maziwa Yanapompitia Mtoto

Mama mmoja alituletea wodini mtoto wa miezi 11 aliyekuwa ameharisha kwa siku 9. Kuharisha kulikuwa kumeanza kupungua, ndipo akaanza kupewa vikombe vya maziwa ya ng'ombe ili apate nguvu. Kukarudi upya: choo cha majimaji chenye povu na harufu ya uchachu, tumbo limejaa gesi, makalio mekundu kama yaliyoungua. "Sista, kila nikimpa maziwa yanampitia tu," alisema. Bibi wa mtoto alikuwa ameshauri aachishwe hata ziwa. Ushauri huo ndio ulionifanya niandike.

Chakula hakiwezi kuingia katika damu kikiwa kizima. Ni lazima kikatwekatwe, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Vingine hutoka katika mate, tumbo na kongosho, lakini sukari humaliziwa kukatwa na vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wenyewe wa utumbo mwembamba. Ukuta huo umejaa vijidole vidogo mno visivyoonekana kwa macho, mfano wa nyuzi za taulo. Hapo sukrasi hukata sukari tunayotia katika chai, na maltasi ile itokayo katika wanga wa ugali. Laktasi hukata sukari ya maziwa, yaani laktosi.

Katika utumbo wenye afya, chembe hai za ukuta huo huzaliwa chini ya vijidole, hupanda hadi nchani, na kwa siku chache tu huanguka na kuachia nafasi mpya. Virusi vya rota, vijidudu vya giadia na utapiamlo huharibu vijidole hivyo, vikawa vifupi. Chembe zinazoshika nafasi bado ni changa, hazina vimeng'enya vya kutosha. Laktasi huwa ya kwanza kupungua na ya mwisho kurudi. Basi laktosi isiyokatwa hubaki utumboni, huvuta maji, na ikifika utumbo mpana bakteria huichachusha. Hapo ndipo hutoka gesi, povu, na ile asidi iunguzayo makalio.

Je, ziwa liachwe? Hata kidogo! Ni kweli maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, na wanafunzi wetu wa uuguzi huniuliza swali hilo kila mwaka. Lakini mtoto hunyonya kidogo kidogo, mara nyingi, tena hupata kinga humo humo. Watoto walio wengi hupona huku wakinyonya. Nimeona utapiamlo mwingi ukianzia kwenye kuachishwa ziwa wakati wa kuharisha.

Maziwa ya ng'ombe ndiyo ya kupunguzwa kwa muda. Mtoto aliyepita miezi 6 apewe maziwa ya mgando yaliyochemshwa kabla ya kugandishwa, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Apewe pia uji mzito, viazi, ndizi, maharage yaliyopondwa, samaki, na mafuta kidogo. Utumbo hujengwa upya kwa chakula, hivyo msimfungishe mtoto. Mtoto wa chini ya miezi 6 asiyenyonya kabisa aletwe hospitali, msimbadilishie maziwa wenyewe.

ORS iendelee. Hata utumbo ulioumia bado una njia ya kupitisha glukosi na chumvi kwa pamoja, na maji hufuata. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Wengi huviacha choo kikishakuwa kigumu. Vimalizeni.

Mtoto aliyeharisha siku 14 aletwe hospitali. Mwenye damu katika choo, macho yaliyobonyea, anayetapika kila kitu au anayeshindwa kunywa aletwe siku hiyo hiyo.

Yule mtoto wetu aliendelea kunyonya, akapewa uji wenye maziwa ya mgando, na siku ya 5 choo kikawa kizito. Maziwa ya ng'ombe alirudishiwa wiki chache baadaye, vijiko vichache kwanza. Bibi yake mwenyewe ndiye aliyekuja kumchukua.