Mikoko na presha ya mjamzito

Mjamzito wa Mgogoni, Pemba, akiambiwa kliniki apunguze chumvi, hufikiria chungu tu. Afikirie na kisima. Mikoko ikikatwa kwa kuni na ujenzi, bahari huingia mabondeni kwa urahisi, ikaharibu mpunga na kutia chumvi visimani.

Utafiti wa pwani ya Bangladesh ulihusisha maji ya kunywa yenye chumvi na presha ya ujauzito. Mikoko inayopandwa upya Pemba huvunja nguvu ya mawimbi na kuwapa samaki mazalia, lakini huchukua miaka kukua, na kisima kilichokwisha kuingia chumvi hakiponi kwa msimu mmoja. Kuchemsha (wengi hudhani kunasaidia) hakuondoi chumvi. Mjamzito atekewe kwengine.

Akiumwa sana kichwa, akiona ukungu au akivimba uso, awahishwe hospitali siku hiyo hiyo.