Kumpima Mtoto wa Awali: Utangulizi kwa Mwalimu

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell alichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Watoto walionyeshwa maumbo, wakatakiwa kuyaiga. Kwa penseli na karatasi, wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, wa Lusaka, waliozoea kuunda magari ya waya michezoni, waliwapita wenzao. Kwa udongo wa kufinyanga, walikuwa sawa. Mtafiti angeishia kwenye penseli, angehitimisha kwamba watoto wa Lusaka wako nyuma, na takwimu zake zingemuunga mkono.

Naanza na utafiti huu kwa sababu unabeba fundisho kuu la taaluma hii: kabla hujasema mtoto hawezi, chunguza kama umempa nafasi ya kuonyesha anachoweza.

Karibu, mwalimu. Tutashughulika na mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni makuzi ya mtoto: mwili, lugha, fikra, hisia na uhusiano na wenzake. La pili ni ujifunzaji, yaani yale tunayomfundisha, kama kutambua herufi na kuhesabu vitu. Ukiyachanganya, utamwonea mtoto. Anayeandika tarakimu kwa shida huenda anahesabu vizibo bila kukosea, ila vidole vyake havijakomaa. Asiyefuata maelekezo huenda hasikii vizuri.

Waasisi walituachia maswali ambayo bado tunayatumia. Huko Paris mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Baadaye Jean Piaget, akifanya kazi ya vipimo katika jiji hilohilo, alivutiwa na majibu yaliyokosewa, akataka kujua mtoto amefikirije hadi akafika hapo. Lev Vygotsky wa Urusi akauliza mtoto anaweza kufanya nini akisaidiwa kidogo.

Afrika Mashariki nayo ina mchango wake. Huko Kilifi, Kenya, Amina Abubakar na wenzake walitathmini kipimo cha makuzi kilichoandaliwa kwa ajili ya watoto wa mazingira yale, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Mpango wa Uwezo, katika Kenya, Tanzania na Uganda, umewapima watoto majumbani mwao kuona kama wanasoma herufi, maneno, aya na hadithi. Upimaji wa namna hiyo unaieleza nchi hali ya elimu yake. Hauchukui nafasi ya mwalimu anayemjua Asha kwa jina.

Mwalimu huyo ana nyenzo zake: kumtazama mtoto akicheza, kuandika alichokiona, kuhifadhi kazi zake kwenye mkoba tangu Januari, na kumsikiliza mzazi au bibi anayeishi naye. Tukio moja halitoshi. Mtoto wa miaka 5 hubadilika kwa njaa, usingizi au ugeni wa anayemuuliza.

Mzazi atakuuliza, "Mwanangu amekuwa wa ngapi?" Mjibu kwa heshima, lakini mpe kilicho bora kuliko namba: mwanao sasa anatambua irabu zote, bado anachanganya *b* na *d*, na wiki ijayo tutafanya hivi. Ukiweza kuikamilisha sentensi hiyo kwa kila mtoto wa darasa lako, umeshaanza kupima.