Umepasuliwa nyongo? Tunza karatasi yako



Huenda ulipasuliwa nyongo ukiwa Kongo, kabla ya kuvuka kuja huku ziwani Mweru. Kidonda kilipona, ukasahau. Soma habari hii, inakuhusu.

Mawe ya nyongo ni nini?

Nyongo ni maji machungu yanayotengenezwa na ini kusaidia kusaga mafuta ya chakula. Hukaa katika mfuko mdogo chini ya ini, upande wa kulia. Mara nyingine huganda ikawa mawe, mengine madogo kama mchanga, mengine kama punje ya mahindi au zaidi. Wanawake huyapata kuliko wanaume. Wenye ugonjwa wa selimundu, wale tunaowaita SS, wanaweza kuyapata wakiwa bado vijana.

Mawe yakileta maumivu, daktari huondoa mfuko wote. Anaweza kufungua tumbo, au kupitisha kamera na vyombo katika matundu madogo matatu au manne. Njia hii ya matundu ilianza Ujerumani mwaka 1985.

Jiwe likibaki tumboni

Wakati wa kuutoa, mfuko unaweza kupasuka na mawe yakamwagika. Hutokea hata kwa daktari hodari. Yeye huyaokota na kuosha tumbo, lakini jiwe moja linaweza kujificha. Usiogope: kwa watu wengi halileti shida yoyote. Kwa wachache, vijidudu huzaliana kulizunguka na jipu hutunga ndani. Linaweza kuja baada ya wiki chache, au baada ya miaka, hata zaidi ya kumi.

Dalili za kuangalia

- Homa inayokwenda na kurudi
- Maumivu chini ya mbavu za kulia, ubavuni au mgongoni
- Uvimbe, au usaha unaotoka kwenye kovu
- Kupungua uzito
- Kikohozi kisichopona, kwa sababu jipu linaweza kupenya hadi kwenye pafu

Utaona kwamba dalili hizi zinafanana na za kifua kikuu, hata za saratani. Ndiyo maana mhudumu asipojua kwamba ulipasuliwa, anaweza kutafuta ugonjwa mwingine.

Picha zinaonyesha nini?

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, ambayo sisi tunaiita ekografi. Haiumizi. Jiwe huonekana jeupe ndani ya usaha, na nyuma yake kivuli cheusi. Picha ya kawaida ya eksirei huyakosa mawe mengi. Mashine ya skana, inayopatikana hospitali kubwa, huonyesha vizuri jipu liko wapi na limefika wapi. Lakini hata skana inaweza isilione jiwe lenyewe, kwa kuwa si mawe yote yana chokaa. Hapo maneno yako mwenyewe yanamsaidia sana daktari.

Matibabu

Dawa za vijidudu na kutoa usaha huleta nafuu. Lakini jiwe likibaki ndani, jipu hurudi. Lazima jiwe litolewe. Usikubali kuchanjwa wala kutumbuliwa nyumbani.

Ufanye nini?

1. Tunza karatasi ya upasuaji pamoja na kadi yako ya kliniki, kwenye plastiki. Hata ikiwa kwa Kifaransa, usiitupe.
2. Karatasi ilipotea njiani? Onyesha makovu yako. Yale madogo, moja kitovuni na mengine chini ya mbavu, mhudumu atayaelewa.
3. Kila unapoumwa tumbo au homa, sema: "Nilipasuliwa nyongo mwaka fulani."
4. Kama hujui Kibemba wala Kiingereza, nenda na mtu wa kukutafsiria.
5. Kama unatumia dawa za kifua kikuu, usiziache mwenyewe. Muulize kwanza mhudumu.
6. Unayetarajia kupasuliwa, usikatae. Baada ya upasuaji, muulize daktari kama mawe yalimwagika, naye aandike.

Wewe unayeishi kambini, na wewe unayeshinda Mununga kwa biashara ya samaki, usingoje homa ikulaze. Fika kliniki mapema, na mwambie jirani yako.