Free Fire kila Jumamosi: mwenye kibanda unapata wapi?

Wajasiriamali wa Kidichi, vijana wanaoshinda na simu barazani kwako usiwafukuze. Hao wateja.

Mashindano makubwa ya Free Fire huwa na timu 12 za watu 4, jumla 48. Kwako timu 6 zinatosha. Utamu uko kwenye pointi: timu inayobaki hai mwisho inapata 12, ya pili 9, ya tatu 8, na kila adui aliyeuliwa ni 1. Piga hesabu. Wa kwanza kaua 3, ana 15. Wa pili kaua 8, ana 17, kampita! Ndo maana hawaondoki mpaka raundi ya mwisho, na njaa inawakuta hapo hapo kwenye kachori na juisi yako. Vocha pia, na kuchaji simu.

Sasa hapa muwe makini. Ukikusanya kiingilio ukampa mshindi, wazee wataiita kamari, na duka litakosa heshima mtaani. Zawadi itoke kwenye faida yako, bando linatosha. Tena usiitoe siku hiyo hiyo: jumlisha pointi za Jumamosi 4, bingwa apatikane mwisho wa mwezi. Na wa skuli waondoke mapema, mama zao ndo wanaonunua unga kwako.